Saini ya Mzazi, Mwili wa Mtoto

Leo tuzungumzie karatasi ambayo mzazi hukabidhiwa siku mtoto wake anapotakiwa kuingia chumba cha upasuaji, yaani fomu ya ridhaa. Ina mstari wa jina la mgonjwa, mstari wa umri, na mstari wa aina ya upasuaji ambao mara nyingi daktari huujaza kwa Kiingereza tena kwa mwandiko wa haraka. Chini kabisa pana nafasi ya jina la mzazi au mlezi, uhusiano wake na mgonjwa, saini au dole gumba, na shahidi. Mzazi ambaye macho na moyo wake vyote viko kwa mtoto huandika jina lake pale anapoonyeshwa, na mara nyingi hajasoma hata mstari mmoja. Karatasi ni nyepesi, lakini inauliza swali zito. Mwili wa mtoto ukihitaji kupasuliwa, kuchanjwa, kupimwa au kuongezewa damu, neno la mwisho ni la nani? La mzazi aliyemzaa na kumlea, la daktari mwenye elimu, la serikali, au kuna wakati ni la mtoto mwenyewe?

Msimamo wangu nitauweka wazi mapema ili upate kuupima hatua kwa hatua. Nasema kwamba ridhaa ya mzazi ni dhamana aliyokabidhiwa kwa ajili ya mtoto. Pale inapomkinga mtoto, iheshimiwe kikamilifu, na tabibu anayeiruka ameenda kinyume cha kazi yake. Ila dhamana hiyo hupungua kadiri mtoto anavyopata uwezo wa kupambanua mambo, na haiwezi kamwe kutumiwa kumfungia mtoto mlango wa tiba anayoihitaji ili aishi. Kwa hiyo tusiishie kuuliza kama mzazi ana haki. Tuulize haki hiyo inafanya kazi gani kwa mtoto huyu, katika ugonjwa huu, saa hii.

Tuanze kwa kumtendea haki mzazi, maana wapo wanaomwona kama kikwazo tu. Mwaka 1996 ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo uliikumba Kano, kaskazini mwa Nigeria. Kampuni ya dawa ya Pfizer ilifika huko na kufanya majaribio kwa watoto wapatao 200. Nusu yao walipewa dawa mpya iitwayo Trovan, na nusu nyingine walipewa dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki. Familia zilidai baadaye kwamba hazikuelezwa kuwa watoto wao wameingizwa katika majaribio. Kampuni ilikana kosa, ikasema wazazi waliridhia kwa mdomo na kwamba vifo vilitokana na ugonjwa wenyewe. Kesi zilivutana kwa miaka mingi, hadi mwaka 2009 kampuni na serikali ya Jimbo la Kano walipofikia mapatano ya dola milioni 75. Yeyote anayedhani ridhaa ya mzazi ni urasimu wa makaratasi na aitazame Kano. Mzazi aliyeelezwa vizuri ndiye jicho la kwanza la mtoto asiyeweza kuuliza. Ndiye anayejua kwamba mtoto aliwahi kuvimba mwili baada ya sindano fulani, kwamba dada yake ana selimundu, kwamba nyumbani hakuna jokofu la kuhifadhi dawa. Na ndiye atakayebaki na mtoto daktari akishamaliza zamu yake.

Kano inatufundisha pia kwamba ridhaa inayopuuzwa leo hulipwa na watoto wengine kesho. Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwemo, yalisimamisha chanjo ya polio kwa madai kwamba imetiwa vitu vya kuwafanya wasichana wawe tasa. Madai hayo hayakuwa ya kweli, lakini yaliangukia masikio ya watu ambao tayari walikuwa na sababu ya kuwashuku wageni wanaokuja na dawa. Kano haikurudia chanjo hadi katikati ya mwaka 2004. Wakati huo virusi vyenye asili ya kaskazini mwa Nigeria vilikuwa vimeanza safari, na vilionekana tena katika nchi zilizokwisha kuachana na polio, Sudan, Yemen na hata Indonesia zikiwa miongoni mwao. Watoto walipooza miguu katika miji ambayo wazazi wao hawajawahi kulisikia jina la Kano. Kwa hiyo anayetaka watoto wapate tiba aanze kwa kuwaheshimu wazazi wao, kuwaeleza kwa lugha wanayoielewa, na kusubiri maswali yao. Hilo ni sehemu ya tiba.

Sasa tuingie ndani zaidi. Tukikubali kwamba ridhaa ya mzazi ni muhimu, bado hatujasema chimbuko lake. Swali hili lilifika mbele ya mahakama ya juu kabisa ya Uingereza katika kesi ambayo wanasheria wa nchi nyingi, hata za kwetu, bado wanaisoma. Mwaka 1980 wizara ya afya ya huko ilitoa waraka uliosema kwamba daktari, katika hali za pekee, anaweza kumpa msichana wa chini ya miaka 16 ushauri na dawa za kuzuia mimba pasipo wazazi kujua. Victoria Gillick, mama wa watoto kumi, alikwenda mahakamani kupinga. Mwaka 1983 alishindwa. Desemba 1984 alishinda katika Mahakama ya Rufani. Oktoba 1985 majaji watano wa Baraza la Malords waligawanyika, watatu kwa wawili, naye akashindwa. Mgawanyiko huo wenyewe unaonyesha kwamba jambo hili halikuwa jepesi. Wengi wao walisema kwamba haki ya mzazi inatokana na wajibu wake, ipo kwa manufaa ya mtoto, na humpisha mtoto pale anapofikia akili ya kuelewa kikamilifu jambo linalopendekezwa. Lord Denning alikuwa ameshasema katika kesi ya awali kwamba haki hiyo huanza kwa kumtawala mtoto na huishia karibu na kumpa ushauri tu.

Najua kuna msikilizaji anayesema, hayo ni ya Uingereza, yanatuhusu nini? Nitamjibu kwa kumrudisha nyumbani. Jamii zetu hazijawahi kuamini kwamba mtoto ni mtoto kwa namna moja tangu siku ya kuzaliwa hadi siku ya kuolewa. Katika mafundisho ya Kiislamu yaliyolea pwani yetu kwa karne nyingi, kuna mtoto asiyepambanua, kuna aliyefikia kupambanua, kuna aliyebaleghe, na zaidi ya hapo kuna aliyepevuka akili kiasi cha kukabidhiwa mali. Sura ya Nisaa inamwagiza msimamizi wa yatima amjaribu kwanza, na akimwona amepevuka ndipo amkabidhi mali yake. Msimamizi hapo anashika kilicho cha mwingine, na kazi yake ina mwisho. Bara nako jando na unyago vilikuwa na maana hiyohiyo, kwamba kuna mambo mtoto hufundishwa kwa kuwa sasa anaweza kuyabeba. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1990, umeweka yote mawili pamoja. Unasema maslahi ya mtoto yatangulie na sauti yake isikilizwe, kisha unampa mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa wake. Hakuna mgongano hapo. Mtoto anaweza kumheshimu baba yake na bado akawa na neno kuhusu mwili wake.

Tukitazama sheria zetu, tunaona kwamba msingi huu umeshawekwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inayataja matibabu na chanjo kama haki ya mtoto inayotokana na wajibu wa mzazi au mlezi, na inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto huduma hizo. Angalia vizuri, sheria imeandika wajibu upande wa mzazi na haki upande wa mtoto. Kifungu cha 11 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au hawajaoana. Ibara ya 43 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Haya yanatosha kumaliza desturi mojawapo inayoumiza: mtoto yuko kitandani, mama yuko kando yake tangu alfajiri, naye anaambiwa au anajiambia kwamba lazima asubiriwe baba aliye safarini aseme ndiyo kwa simu. Mama ni mzazi kamili. Saini yake haihitaji kushikiziwa na saini nyingine. Na kama hali ni ya dharura na hakuna mzazi anayepatikana, tabibu atende kwanza kuokoa maisha, makaratasi yafuate.

Ugumu mkubwa uko kwa kijana wa miaka 13, 15, 17. Chukua kipimo cha VVU. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ilitaka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha, na kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kuridhia mwenyewe. Kenya, tangu sheria yake ya mwaka 2006, imewaruhusu kuridhia wenyewe watoto walio wajawazito, waliooa au kuolewa, walio wazazi, au walio na mienendo inayowaweka katika hatari ya kuambukizwa. Afrika Kusini imeweka miaka 12. Je, kulegeza umri kunasaidia? Mwaka 2019 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha uchunguzi uliolinganisha nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Katika nchi zinazoruhusu ridhaa ya kijana chini ya umri wa miaka 16, sehemu ya vijana waliopima VVU ilizidi ile ya nchi nyingine kwa takriban pointi 11 za asilimia, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Uingereza nayo, katika ile miezi michache ambapo hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyompa Gillick ushindi ilikuwa na nguvu, idadi ya wasichana wa chini ya miaka 16 waliokwenda kliniki za uzazi wa mpango ilishuka. Wengi waliacha tu kwenda kliniki.

Hapa nakuomba msikilizaji tutulie kidogo, kwa kuwa kuna jambo ambalo hatupendi kulisema hewani. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikishirikiana na UNICEF na kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani. Karibu wasichana watatu kati ya kila kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Sasa, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la namna hiyo lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha zinamezwa kwa siku 28. Mtoto aliyetendewa na mtu wa nyumbani kwao anazo saa 72 tu. Tukimwambia akamlete kwanza mtu mzima wa nyumbani atie saini, huenda tunamrudisha kwa yuleyule aliyemdhuru, au kwa ndugu ambao watakaa kikao cha kulinda jina la ukoo huku saa zikihesabika. Kituo cha afya kinachojua kazi yake humhudumia mtoto kwanza, humwita afisa ustawi wa jamii, na fomu ya polisi ya PF3 hujazwa bila kuisimamisha tiba. Katika hali kama hii, kung'ang'ania ridhaa ya mzazi kunamlinda mkosaji.

Mfano mwingine wa saini ya mzazi isiyomkinga mtoto umo katika Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Vifungu vyake vya 13 na 17 viliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu hivyo mahakamani, Mahakama Kuu ikavitangaza kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Fikiria maana yake. Binti wa miaka 15 alihesabika mkubwa kiasi cha kubeba mimba na kuzaa, lakini kwa sheria ya VVU ya kabla ya mwaka 2019 angehesabika mdogo mno kukubali kipimo cha damu yake mwenyewe. Katika mambo yote mawili kilichohesabiwa ni saini ya mzazi, na hakuna popote palipoulizwa saini hiyo inamfanyia nini binti. Majaji walipoikataa ya ndoa walitukumbusha kwamba ridhaa ya mzazi haina utakatifu wa peke yake. Inapata heshima kutokana na kazi inayoifanya.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni kwamba mtoto hana akili ya kuamua mambo ya tiba. Ni pingamizi la haki, na lina ukweli ndani yake. Lakini tulipime. Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani, Lois Weithorn na Susan Campbell, walichapisha utafiti ambamo waliwachukua watu wa miaka 9, 14, 18 na 21 na kuwasimulia visa vya wagonjwa, kisukari na kifafa vikiwemo, kisha wakawauliza wangechagua tiba gani na kwa sababu gani. Wale wa miaka 14 hawakupitwa na watu wazima katika kuelewa na kutoa sababu. Wale wa miaka 9 walikuwa nyuma katika kufikiri sababu, ingawa mara nyingi nao waliishia kuchagua jambo la maana. Ni kweli vilevile kwamba tafiti nyingine zimeonyesha vijana hujiingiza zaidi katika hatari wanapokuwa na wenzao, damu ikichemka. Hata hivyo chumba cha daktari si kijiweni. Pana mtu mzima mwenye ujuzi, pana muda wa kuuliza, na uamuzi unaweza kuahirishwa hadi kesho. Tena uwezo haupimwi kwa umri peke yake. Kijana aulizwe: una ugonjwa gani, tiba hii itafanya nini, ina madhara gani, usipotibiwa itakuwaje? Akijibu kwa maneno yake mwenyewe, ameelewa. Asipoweza, bado ni wakati wa mzazi. Na uzito wa jambo uamue kiwango. Kupima malaria hakulingani na kuondoa kiungo. Ndiyo maana sheria ya watoto ya Afrika Kusini inamruhusu mtoto wa zaidi ya miaka 12 aliyepevuka kuridhia matibabu, lakini upasuaji inataka mzazi asimame naye.

Pingamizi la pili ni kwamba tukimpa kijana mlango wake tunaivunja nyumba. Wazazi watazungukwa, siri zitaingia kati yao na watoto. Nalichukulia hili kwa uzito, kwa sababu mtoto mgonjwa anamhitaji mzazi kuliko anavyomhitaji daktari. Lakini tazama walivyosema majaji wa Uingereza walipomruhusu daktari katika kesi ya Gillick. Waliweka masharti, miongoni mwake haya: msichana awe ameelewa ushauri, daktari awe amejaribu kumshawishi awaambie wazazi na akashindwa, afya yake iwe itadhurika bila huduma, na maslahi yake yawe yanaitaka huduma hiyo. Njia ya kwanza inabaki kuwa mzazi. Mlango wa pili ni wa yule ambaye njia ya kwanza kwake haipitiki: yatima anayelelewa na bibi asiye na karatasi yoyote ya ulezi, mwanafunzi wa bweni ambaye kwao ni safari ya siku mbili, binti anayemwogopa baba wa kambo. Nyumba yenye mazungumzo haitapungukiwa na chochote kwa mlango huo kuwepo. Nyumba iliyokwisha kuvunjika haitajengwa kwa kumkosesha mtoto dawa.

Pingamizi la tatu linatoka upande mwingine kabisa. Linauliza, kama maslahi ya mtoto ndiyo kipimo, kwa nini tusimwachie daktari aamue yote, ikiwemo pale mzazi anapokataa? Mfano unaojulikana ni wa mzazi ambaye imani yake inamkataza damu, na mtoto amepungukiwa damu kiasi cha kufa. Au mzazi anayemtoa mtoto wodini na saratani yake akampeleke kwa mganga. Hapa nasema wazi kwamba mtu mzima yuko huru kuukataa uponyaji kwa ajili ya imani yake mwenyewe, lakini hana ruhusa ya kumtoa mwanawe awe shahidi wa imani ambayo mtoto hajapata umri wa kuichagua. Sheria ya Afrika Kusini imelisema hili bila kumumunya maneno: mzazi hawezi kukataa tiba ya mtoto kwa sababu ya dini au imani tu, isipokuwa aonyeshe njia nyingine inayokubalika kitabibu. Lakini tusiruke kutoka mikononi mwa mzazi hadi mikononi mwa daktari mmoja. Kano ilituonyesha daktari naye anahitaji mtu wa kumwangalia. Kama kuna muda, hata wa saa chache, jambo lifike kwa afisa ustawi wa jamii na kwa hakimu wa Mahakama ya Watoto, mzazi asikilizwe, na mtoto naye asikilizwe. Kama muda haupo, daktari aokoe maisha na aandike sababu zake, ili baadaye zikaguliwe.

Linabaki swali la mtoto mwenyewe anapokataa. Je, aliyepewa neno la kusema ndiyo anaweza pia kusema hapana hadi afe? Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikutana na msichana wa miaka 16 aliyekuwa akijinyima chakula kutokana na ugonjwa na akikataa kuhamishiwa kwenye tiba. Mahakama iliamuru atibiwe. Wapo wanaoona huo ni ukigeugeu, na kwa mantiki kavu wana hoja. Mimi naona kuna tofauti ya kweli. Kukubali tiba iliyopendekezwa na mtaalamu kunamwacha mtoto hai, na kesho anaweza kubadili mawazo. Kukataa tiba ya kuokoa maisha hakuna kesho. Maadamu lengo letu tangu mwanzo ni kumlinda mtoto afikie utu uzima wake akiwa na uwezo wa kuchagua, tunaweza kumpa uhuru wa kuikubali tiba mapema na kuchelewesha uhuru wa kujiua kwa kuikataa. Hata hivyo asikilizwe, maana mtoto aliyechoka na maumivu ya tiba isiyoponya naye ana jambo la kutuambia.

Haya yote yanataka matendo gani? Kwanza, fomu za ridhaa ziandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na zisomwe kwa sauti kabla ya kalamu kutolewa. Saini isiyotanguliwa na maelezo isihesabiwe ridhaa. Pili, sheria ziache kushughulikia kila ugonjwa kivyake. Si busara kijana wa miaka 15 aweze kuridhia kipimo cha VVU, kisha muuguzi abaki akijiuliza kama anaruhusiwa kumtibu kijana huyohuyo maambukizi ya njia ya mkojo au kumpa ushauri wa msongo wa mawazo. Iwepo kanuni moja inayopanda ngazi kwa umri, uelewa na uzito wa tiba. Tatu, walezi wanaolea bila karatasi, mabibi, shangazi, kaka wakubwa na walimu wa mabweni, watambuliwe kisheria kwa matibabu ya kawaida, na shule ziombe mapema ridhaa ya wazazi kwa dharura siku mtoto anapoandikishwa. Nne, kila kituo cha afya kijue ni afisa ustawi wa jamii yupi wa kupigiwa simu usiku.

Na wewe mzazi unayenisikiliza, usizisubiri sheria. Mtoto wako akiwa na miaka sita, mweleze sindano inakwenda kufanya nini kabla ya kumshika mikono. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini kumsimamia mtoto hakukuzuii kumweleza. Akiwa na miaka kumi, mwache amjibu daktari mwenyewe anauma wapi na tangu lini. Akiwa na miaka kumi na minne, toka nje dakika tano azungumze na muuguzi peke yake, na akirudi usimhoji. Ukifanya hivyo, siku atakapokuwa na jambo zito mwilini mwake, sheria itakuwa imempa mlango wa pili, naye kwa hiari yake atakuja kwanza kwako. Hakuna bunge linaloweza kumpa mzazi heshima hiyo. Anaijenga mwenyewe, mtoto akingali mdogo.